Sigara za Babu Asiyevuta

Naomi, rafiki yangu,

Barua zote tulizofundishwa kuandika shuleni zilianza kwa kuuliza afya. Yako siulizi, najua umepumzika. Yangu ni njema. Presha inapanda na kushuka kama kawaida yake, magoti yanagoma na baridi hii ya Julai, lakini leo nimepumua. Nimepumua, Naomi! Tangu tulipokuzika sijavuta pumzi ndefu kama niliyovuta leo asubuhi, hadi mteja aliyekuwa dirishani akaniuliza kama naumwa. Nimefunga duka mchana kweupe, mimi, ambaye ulikuwa unasema hata siku ya parapanda nitauza kwanza mkate. Nimekaa huku nyuma kwenye kreti la soda ulilolizoea wewe ukisahihisha madaftari, nakuandikia.

Habari ninayo njema, ila njia yake inapita kwenye jambo baya, na jambo hilo nililifanya mimi. Kwa hiyo vumilia. Usinikatize kama ulivyozoea.

Tuanze na ile siku tuliyogombana. Ulikuja jioni, vumbi la chaki bado liko kwenye mkono wa sweta, ukanitolea ile karatasi yako ya makubaliano. Shule yenu, maduka ya njia ya shule, vijana wa bodaboda, usharika, parokia, mwenyekiti wa mtaa na nesi wa zahanati, wote mmekaa mkakubaliana kwamba mwanafunzi hapati tumbaku hapa Kijenge, iwe sigara, iwe ugoro. Maduka yote yalishaweka sahihi. Lilibaki moja tu, la rafiki yako uliyeanza naye maisha kwenye vyumba vya kupanga kule Kaloleni, tukipikia jiko moja la mchina, ugali wako ukiiva ndipo mimi nainjika chai. Ukaweka kalamu juu ya mzani wangu ukasema, "Manka, weka sahihi niende nyumbani, miguu inaniuma."

Nikakataa. Looo, nilivyokataa! Nilikwambia mimi simuuzii mtoto mwenye sare, hilo unalijua, na sheria naijua. Ukasema sare wanavua. Nikasema aliyetumwa ametumwa. Mzee akimtuma mjukuu wake sigara nikamrudisha mikono mitupu, nimemdharau nani hapo, mtoto au mzee? Ndipo ukaniuliza swali moja, ukaliuliza taratibu kama unavyomuuliza mwanafunzi aliyechelewa: "Hao wazee wanaotuma, wewe umewaona?" Nikapandisha. Nikasema nyinyi walimu mmezoea kuamrisha watu, duka ni langu, kama una watoto wa kufundisha nenda kawafundishe. Watu wanapita, wanasikia. Ukachukua kalamu yako, ukakunja karatasi, ukaondoka bila kuniaga. Wiki tatu ukawa unapita upande wa pili wa barabara, na mimi nikikuona najifanya napanga sabuni.

Sasa nikwambie nilichokuficha. Siku ile, katikati ya hasira, maneno yalinifika hapa kwenye ncha ya ulimi: mbona hata Upendo wako anatumwa? Nikayameza. Nilijiona nimekustahi, Naomi. Nilijiona mimi ndiye mwenye adabu kati yetu.

Upendo alianza kuja dukani baada ya baba mkwe wako kuteremka kutoka shambani kule mlimani kuja kukaa kwenu, awe karibu na kliniki. Alikuja na gauni la nyumbani, kitambaa kichwani. Shikamoo mama mdogo, nimetumwa na Babu, sigara mbili. Halafu akasogea dirishani akaninong'oneza kwamba Babu amesema Mama asijue. Nilicheka mwenyewe mpaka machozi! Nikaona mzee wa watu anamwogopa mkwe wake mwalimu. Nikasema aa, mwacheni mzee avute, amebakiza raha gani. Nikamfungia binti mbili kwenye karatasi akaenda. Akawa anakuja mara mbili kwa wiki, baadaye karibu kila siku, mara nyingine anataka tatu, nne. Nami nikawa na siri yangu na Babu, mzee ambaye sijawahi kumtia machoni.

Umeona hapo? Sijawahi kumtia machoni. Mzee amehamia mtaani, baba mkwe wa rafiki yangu wa damu, na sijabeba hata kilo ya sukari kwenda kumpa shikamoo. Kwetu Machame mama yangu angenichapa fimbo na ukubwa wangu huu. Wewe uliniita mara ngapi? "Njoo umsalimie Babu, kila siku ananiuliza huyo rafiki yangu Mama Haika ni mtu gani." Nikakuahidi Jumapili. Jumapili ikifika, nina mzigo wa kupokea. Ningekuja siku moja tu, nikakaa robo saa, nikanywa kikombe kimoja cha chai, ningejua.

Nilijua siku ya msiba wako.

Ulianguka darasani, wakasema ni presha. Siku ya pili yake nilipika uji, nikautia kwenye chupa, njia nzima nikawa najipanga nitaanza na neno gani kukuomba radhi. Nilipofika wodini, nesi akanielekeza kwa ndugu zako waliokuwa wamekaa nje kwenye benchi. Nikaelewa kabla sijawafikia. Ile chupa nilirudi nayo imejaa. Sitaki kuandika zaidi hapo.

Jioni nikaja kwenu. Turubai lilikuwa limeshafungwa, wanaume wamekaa nje, Baba Upendo ndiyo kwanza amefika kutoka porini alikokuwa amepeleka watalii, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Nikasema moyoni, nimemkosa Naomi, basi angalau nimfariji mzee wake. Kwenye mkoba nilikuwa na pakiti nzima ya sigara, aina ile ile aliyokuwa akiniagiza. Nikapiga goti, nikampa shikamoo ya kwanza tangu ahamie mtaani kwetu, nikamwekea pakiti mkononi mbele ya wazee wenzake. "Pole sana Baba. Nimekuletea ile yako."

Babu akaigeuza geuza. Kisha akanirudishia kwa mikono miwili, kwa upole kabisa. Akasema, "Ahsante mwanangu, ila mimi sijavuta tangu huyu mjukuu wangu anazaliwa. Mama yake alininyima kumbeba, akaniambia nanuka moshi. Basi nikachagua mtoto."

Na mjukuu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake na sinia ya chai. Vikombe vikaanza kugongana. Tukaangaliana, mimi na binti yako, na hapakuwa na la kuuliza. Nikasema, "Nisamehe Baba, nimechanganya, hii ni ya mzee mwingine." Yaani nikadanganya msibani kwako, Naomi, na wewe bado hujafika hata kaburini. Wazee wakaendelea na mazungumzo yao. Upendo akagawa chai mpaka mwisho, nyingine ikimwagikia sinia, watu wakamhurumia wakidhani ni kilio.

Tulikuzika kule juu, karibu na migomba ya kina mume wako, mlima umefunikwa na mawingu. Kwaya iliimba vizuri, ungefurahi, isipokuwa sauti ya tatu walipotea kama kawaida yao. Mimi sikulia. Wenzangu walinitazama wakadhani bado nina kinyongo na wewe. Nilikuwa nahesabu moyoni ni mara ngapi nimemfungia mtoto wako moshi kwenye karatasi, nikashindwa kuhesabu.

Wiki moja baada ya maziko, Upendo akaja. Mchana, gauni lile lile. Akafungua mdomo: "Nime..." Akaishia hapo. Nikafungua mlango wa pembeni nikamvuta ndani, nikamfokea. Nilimfokea vibaya, rafiki yangu. Nilimwambia mama yako amekufa anapigana na haya haya mambo, huna haya, huna huruma, Babu mtu mzima unamsingizia! Nikamaliza maneno yote niliyokuwa nayo. Akafuta pua kwa mkono wa gauni, akasema, "Lakini mama mdogo, si ulikuwa unaniuzia wewe?"

Hakusema kwa jeuri. Ingekuwa jeuri ningejua la kujibu. Aliuliza kama mtu ambaye kweli anataka kujua.

Nikakaa chini kwenye magunia ya mchele. Yeye naye akakaa. Tukalia wote wawili, na hapo ndipo nilipokulilia wewe kwa mara ya kwanza, nikalia mpaka wateja wakachoka kugonga dirisha wakaenda zao.

Akanieleza. Walianza kidato cha pili, nyuma ya tangi la maji la shule, wasichana watano sigara moja. Mmoja wao alikuwa amesema inafukuza usingizi wakati wa kujisomea. Wenzake walihangaika pa kuzipata, maduka yamebana, sare inaonekana. Yeye alikuwa na mimi. Kwa hiyo wakawa wanamtuma yeye. Kumbe kutumwa alikuwa anatumwa kweli, ila Babu hakuwemo! Mpaka ulipofariki alikuwa ameshafika mahali asipovuta asubuhi mikono haitulii, kichwa kinagonga. Akaniambia, "Mama mdogo, nina arosto, siwezi kuacha peke yangu. Nimejaribu siku ya mazishi, nimejaribu na jana." Neno hilo arosto mimi nilidhani ni la wale vijana wa dawa za kulevya walioharibikiwa kabisa. Likatoka kwenye mdomo wa mtoto niliyemwogesha.

Alinisihi nisimwambie baba yake. Nilifikiri sana. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nilimwambia. Lakini nikaona nikikimbia kumshtaki, mtoto atanikimbia na mimi pia, na nje kuna wa kumpokea. Tukakubaliana hivi: kwa baba yake sitasema, atasema mwenyewe siku atakayoweza, ila hiyo siku lazima ije. Na kesho yake anakwenda na mimi kwa nesi.

Nesi yule mwembamba wa zahanati, unayemjua. Hakumhubiria. Alimsikiliza kifua, akamuuliza saa ngapi hamu humzidia, akampangia la kufanya kwa kila saa: maji hapa, karanga hapa, hapa utoke utembee, hapa unitafute. Akamwambia siku mbili tatu za mwanzo atamchukia kila mtu, na hilo ni sawa. Upendo akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu msiba. Njiani kurudi akanishika mkono kama zamani mlipokuwa mnakuja wote kununua madaftari.

Halafu nikaenda shuleni kwenu. Mkuu wa shule alikuwa ameiweka karatasi yako kwenye droo ya meza. Aliniambia bila kuficha kwamba umeondoka na jambo limelala, wengine wameshaanza kuuza tena kimya kimya. Nikamwambia, mwalimu, karatasi haina kosa ila ina tundu, na tundu nalijua mimi kwa sababu nimepitisha sigara humo. Itisha kikao.

Tulikaa ukumbi wa usharika. Walikuja watu, Naomi, kwa heshima yako walikuja. Mchungaji na padri meza moja, wenye maduka, bodaboda wamevua kofia zao, wazazi, wazee na fimbo zao. Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyekataa sahihi, na kwa dirisha langu mwanafunzi alinunua sigara miezi kwa miezi, si kwa sababu alikuwa mjanja, bali kwa sababu alisema neno moja: nimetumwa. Na sisi wote humu tumelelewa na neno hilo. Mtoto aliyetumwa na mkubwa haulizwi. Kwa hiyo tusizungumzie sare. Tukubaliane kuwa mtoto hatumwi tumbaku. Anayevuta ajinunulie kwa miguu yake.

Weee! Ungeona wazee walivyonigeukia. Mmoja akasema kwa hiyo sasa mwenye duka atatufundisha kutuma wajukuu zetu. Mwingine akasema mtoto asiyetumwa huyo ni mtoto au ni mgeni? Bibi mmoja akasimama akauliza na ugoro wake wa mafua je, akaufuate nani. Mzee Zakayo, yule jirani yangu wa nyumba ya bati jekundu, akasema yeye nikimletea habari hizo atahamia duka la pili na familia yake yote. Nikaona jambo linazama pale pale. Mchungaji anagonga meza, hakuna anayemsikia.

Babu akainuka. Alichukua muda kusimama, na watu wakanyamaza kwa sababu ya ule muda. Hakupaza sauti. Alisema, "Kuna mtu alitumia ukubwa wangu kununua sigara. Simtaji, na msiulize. Mimi sikujua, kwa sababu katika mtaa huu hakuna aliyeshangaa mzee kutuma. Mkwe wangu alikuwa akisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nyinyi mna miguu. Mzee anayeweza kuja mpaka kwenye kikao hiki kubishana, dukani hawezi kufika?" Akakaa. Kwanza walicheka wanawake, kisha ukumbi mzima, na Mzee Zakayo mwenyewe akacheka akiwa amekasirika.

Nilikuwa nimekaa safu ya mbele yake, sikuthubutu kugeuka. Alijua, Naomi. Kumbe tangu siku ya sinia ya chai alijua, akasubiri aone tutafanya nini sisi wenye akili.

Basi likapita. Mtoto akija anasema nimetumwa, jibu la maduka yote ni moja: mwambie aje mwenyewe, namsubiri. Mgonjwa asiyeweza kutembea anapelekewa na mtu mzima. Bodaboda wameapa kwamba hakuna kumwashia mwanafunzi wala kumnunulia, na mwenyekiti wao ni mkali kuliko wewe. Anayekamatwa shuleni hafukuzwi tena wala hachapwi, anakwenda kwa mwalimu wa malezi na kwa nesi, ambaye Alhamisi mchana ameitenga kwa ajili yao. Wale wasichana wanne wa nyuma ya tangi walikwenda wenyewe. Upendo ndiye aliyewapeleka.

Sikudanganyi kwamba sigara zimekwisha Kijenge. Kuna duka moja kule chini barabara kubwa, mwenyewe anasema yeye hakuwepo kwenye kikao, na bado anauza. Tunamfuata, mchungaji leo, padri kesho, atachoka. Mimi nimeacha kuziweka kabisa. Mwezi wa kwanza wateja walipungua nikaona joto, sasa wamerudi, mkate haujui kama sigara hazipo. Kichekesho ni Mzee Zakayo. Aliposikia sina, akaapa kunihama. Duka la pili nalo halimuuzii mjukuu wake, ikabidi aende mwenyewe na kandambili zake, akipita kwangu ananuna, akirudi ananuna. Siku ya tatu akasimama kupumzika. Siku ya nne akakaa. Sasa ananiletea habari za mtaa mzima, na majuzi kasema kutembea kote huko kwa ajili ya sigara ni utumwa, amepunguza. Nikamwambia hongera baba, akaniambia nisimzoee.

Upendo alipata tabu, sitaificha. Wiki ya kwanza alinijibu vibaya, akagombana na Babu, akamtupia mdogo wake sahani. Aliteleza mara moja, walipokwenda kipaimara cha rafiki yake kule Nduruma. Akaja kesho yake akaniambia kabla sijamuuliza. Nilitaka kufoka, unanijua, nikakumbuka swali lake la kwenye magunia, nikamchemshia chai. Tukaenda kwa nesi, tukaanza upya. Hiyo ilikuwa kabla mvua za masika hazijaanza. Mvua zimeanza, zimekwisha, mahindi yamekomaa, baridi imeingia, na hajagusa. Nilikuwa naogopa kuyasema haya kwa sauti.

Kilichobaki kikawa baba yake. Hicho ndicho kilichonikosesha raha miezi yote. Msimu wa watalii umechanganya, anarudi leo kesho anatoka, na kila akisimamisha gari pale mbele anichukulie maji ya safari, natabasamu huku chenji yake naihesabu mara mbili. Nilijua akisikia atasema mimi nimemharibia mtoto, na atakuwa na haki. Nilijua anaweza kunikataza nisimwone tena Upendo, na hapo pia atakuwa na haki. Mara mbili nilimwambia binti, mwanangu, siku ile vipi? Akasema bado, mama mdogo.

Jana, baada ya ibada, alimwambia. Yote. Tangi, Babu, mimi.

Leo asubuhi nafungua dirisha, namkuta amesimama. Sare ya kazi, gari linanguruma, wageni wake ndani wanajipaka dawa ya jua. Nikashika kaunta. Akasema, "Mama Haika, ulipaswa kuniambia." Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe, shemeji, na nilikuwa nimejiandaa kuendelea, lakini akainua mkono. Akasema tangu ufariki, kila akiendesha huko porini anawaza akirudi atamkuta mtoto yupi, na kwamba alidhani amebaki peke yake kulea. "Kumbe mlikuwa mnalea," akasema. Akavaa miwani haraka, akaenda kwenye gari.

Basi ndiyo hivyo, rafiki yangu. Radhi ya mwanao nimeomba, amenipa. Ya mume wako nimeipata leo bila hata kumaliza kuiomba. Yako naiomba kwa karatasi hii, na nimechelewa, najua, kama ule uji. Nakukumbuka, Naomi. Nakukumbuka hata ulivyokuwa unanikera.

Sikuahidi kwamba Upendo hatavuta tena maisha yake yote, hilo haliko mikononi mwangu. Ninachokuahidi ni kwamba akianguka atakuwa na mahali pa kuja kusema, na atakayemkuta hapo atamsikiliza kwanza. Na mzee yeyote akihamia mtaa huu, siku hiyo hiyo nakwenda na sukari yangu kumpa shikamoo.

Lala salama, mwalimu. Mimi nakwenda kutafuta soksi, kesho mapema natoka na Babu. Shule yenu ina mchezo wa netiboli, na Upendo wamempanga senta, yule anayekimbia uwanja mzima tangu mwanzo mpaka mwisho.

Rafiki yako,
Manka